Mtazamaji Asiyehesabiwa: Ugomvi wa Mashabiki na Wahakiki Ukiutazama Kutoka Ziwa Mweru

Julai 2012, siku chache kabla The Dark Knight Rises, picha ya Batman, haijaingia kwenye majumba ya sinema, mhakiki wa Kimarekani Marshall Fine aliandika kwamba picha hiyo haikumridhisha. Alikuwa wa kwanza kuikosoa kati ya wahakiki ambao maoni yao hukusanywa na tovuti ya Rotten Tomatoes. Matusi yakammiminikia, yakafuatwa na vitisho vya kumpiga na kumuua, hata wenye tovuti wakalazimika kufunga sehemu ya maoni ya wasomaji kwa picha hiyo. Waliomshambulia, karibu wote, hawakuwa wameitazama. Wangeitazama wapi, na ilikuwa haijatoka? Walimtetea Batman dhidi ya hukumu ambayo hawakuwa na njia ya kujua kama ni ya haki au ya uonevu.

Tangu hapo kisa cha namna hiyo kimejirudia kila baada ya mwaka au miwili, na kila mara maelezo ni yaleyale: mashabiki wa mashujaa wa katuni ni watoto wasiokua, au wahakiki ni watu wa majivuno waliokwisha kusahau raha ya kutazama picha. Maelezo yote mawili ni ya kivivu. Ili ugomvi huu ueleweke, nadhani inafaa tuusogelee kutoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuulizwa chochote juu yake.

Nchelenge iko kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Imeshikana na Kashikishi, penye soko la samaki na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, kiasi kwamba mgeni hajui mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Hadi Lusaka kwa barabara ni kama kilomita elfu moja. Jumba la sinema la kukata tiketi na kukaa kwenye viti vya kulala hakuna. Picha hufika kwa njia inayojulikana Afrika Mashariki na Kati yote: zamani kanda, baadaye diski zilizodurufiwa, kisha flashi na memori kadi, na sasa simu kwa mwenye bando. Sauti zinazosikika sokoni ni za Kibemba na lugha nyingine za ziwani, lakini Kiswahili cha Katanga nacho kimevuka maji pamoja na wafanyabiashara wa miji ya Kongo ya Pweto na Kilwa. Tangu 2017 kimezidi, kwa sababu maelfu ya wakimbizi wa Kongo walipokelewa katika kituo cha Kenani na, kuanzia mwanzoni mwa 2018, wakahamishiwa makazi ya Mantapala, yote ndani ya wilaya hii.

Mtu wa hapa anamjua Batman. Anamjua Spider-Man, na T'Challa wa Wakanda, yaani Black Panther, anamjua sana. Ila hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba picha aliyoiangalia jana usiku ilipewa asilimia ngapi na wahakiki wa New York. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayonivuta.

Tuanze na hiyo asilimia, maana ndiyo mzizi wa fitina. Wengi huisoma kama alama ya mtihani wa shule: picha imepata 90, basi ni bora, imepata 40, imefeli. Sivyo inavyopatikana. Chukua wachuuzi kumi wanaonunua chisense, wale dagaa wa Mweru, pale mwaloni Kashikishi. Fungu la kwanza limekauka, lina mchanga kidogo, si zuri sana wala si baya. Unamuuliza kila mchuuzi swali moja tu: unachukua au huchukui? Wote kumi wanachukua, bila shangwe. Fungu hilo limepata asilimia 100. Fungu la pili ni la mvuvi mwenye mambo yake. Ameanika juu ya nyavu, ametia chumvi kwa namna anayoijua mwenyewe. Wachuuzi sita wanasema hawajawahi kuona dagaa kama hawa. Wanne wanaonja, wanatema, wanaondoka. Fungu hilo limepata asilimia 60. Sasa niambie, lipi ni fungu bora?

Rotten Tomatoes huhesabu hivyohivyo. Kila mhakiki anahesabiwa kuwa ameikubali picha au ameikataa, basi. Kisha inatolewa sehemu ya waliokubali. Ikifika 60 picha inapewa nyanya nyekundu, ikipungua inapewa doa la kijani, kwa kumbukumbu ya zama ambazo watazamaji waliwarushia waigizaji wabovu nyanya zilizooza. Namba hiyo haisemi picha ni nzuri kiasi gani. Inasema ni watu wangapi hawakuikataa. Picha ya kawaida isiyomuudhi mtu hupata namba kubwa, na picha ya kuthubutu inayowagawa watu hupata namba ya katikati. Mhakiki aliyeandika maneno elfu moja ya kupima, huku akisifu na huku akilaumu, anageuzwa kuwa ndiyo au hapana, na shabiki anapopandwa na hasira, anaikasirikia ndiyo au hapana hiyo. Maneno elfu moja hakuyasoma.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Chombo hiki kinacholaumiwa kwa kuwadharau mashabiki kilibuniwa na shabiki. Senh Duong, mwanafunzi wa Berkeley, California, alikuwa mpenzi mkubwa wa picha za Jackie Chan, akawa anakusanya maoni ya wahakiki juu ya picha hizo. Rush Hour, picha mpya ya nyota huyo, ilipokuwa inakaribia kutoka, Agosti 1998, akaanzisha tovuti ya kuyaweka pamoja. Jackie Chan yuleyule ambaye kwenye mabanda ya video kuanzia Mombasa mpaka Lubumbashi hahitaji kutambulishwa kwa mtu.

Mwaka 2016 hasira zilifika kilele. Machi ilitoka Batman v Superman, wahakiki wakaipa chini ya asilimia 30. Agosti ikatoka Suicide Squad, nayo ikaanguka vilevile, na mashabiki wakaandaa waraka wa kutaka Rotten Tomatoes ifungwe. Maelfu wakatia sahihi. Shutuma kubwa ilikuwa kwamba wahakiki wamenunuliwa na Disney, wenye Marvel, ili kuua picha za DC zinazotengenezwa na Warner Bros. Ni shutuma inayodai ushahidi, na ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine: Warner Bros ndiyo iliyoimiliki Rotten Tomatoes kuanzia 2011, na hata ilipoiuza kwa Fandango mwaka huo wa 2016 ilibakiza hisa. Yaani DC ilikuwa ikidhulumiwa nyumbani kwa baba yake.

Tena picha zenyewe hazikufa. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 850 duniani, ya pili zaidi ya milioni 700. Kama kazi ya wahakiki ni kuua biashara, basi ni wauaji wasio na shabaha. Shabiki hakupoteza chochote kinachoweza kuhesabiwa. Alizipata picha zake, na nyingine zikatengenezwa baada ya hizo. Sasa hasira yote ile ilitoka wapi?

Nadhani ni heshima. Shujaa wa katuni hukutana na mtu akiwa na miaka saba au minane, na hamwachi. Picha inapotoka, yule mtu wa miaka thelathini anakwenda kutazama kitu ambacho kimekuwa chake kwa zaidi ya miaka ishirini. Mhakiki akisema ni upuuzi, shabiki hasikii kwamba picha hii ina mwisho mbovu na vita virefu mno. Anasikia kwamba yeye mwenyewe amepoteza miaka yake kwa upuuzi. Ndiyo maana anaweza kuitetea picha ambayo hajaiona, kwa kuwa anachokitetea amekwisha kukiona zamani.

Jambo hili la kushikamana na shujaa Zambia inalijua kuliko inavyodhaniwa, na kwa watu wa Luapula chimbuko lake si ziwani bali migodini. Kwa miongo mingi wanaume wa Mweru walikwenda kufanya kazi Copperbelt na Katanga, na samaki wao wakawafuata kwenye malori kulisha kambi za wachimba shaba. Huko, kwenye viwanja vya wazi vya kambi, ndiko Waafrika wengi wa Rhodesia ya Kaskazini walikoitazama sinema kwa wingi. Miaka ya 1940 na 1950 picha zilizopendwa kupita zote zilikuwa za makauboi. Vijana walijitengenezea kofia na mavazi ya kikauboi, wakachonga bastola za mbao, wakatamba mitaani. Shujaa wa kila picha, awe nani, aliitwa Jeke, na jina hilo lilipigiwa kelele na uwanja mzima alipotokea juu ya farasi. Mwanahistoria Charles Ambler ameyaeleza haya vizuri katika makala aliyoichapisha 2001.

Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alifanya utafiti Luanshya, mji wa migodi wa Copperbelt, mwaka 1953 na 1954. Miaka michache tu kabla, 1950, alikuwa ametoa kitabu kuhusu Hollywood kwenyewe, jinsi picha zinavyotungwa, nani anaamua na kwa fedha gani. Akaja Copperbelt na kuisikiliza hadhira upande wa pili wa dunia, watu wakibishana juu ya zilezile bidhaa alizoziona zikipikwa. Kitabu chake, Copper Town, kilitoka 1962. Sijui mtu mwingine wa zama zile aliyeyaona majiko na meza ya mlaji kwa pamoja.

Zama hizo nazo zilikuwa na wahakiki. Walikuwa wamisionari, maofisa wa serikali ya kikoloni, na Waafrika wasomi waliokaa kwenye mabaraza ya ushauri ya mijini. Wengi wao walisema picha za makauboi zinafundisha vurugu na kuwaharibu vijana, wakataka zioneshwe picha za maendeleo na maadili. Ila wao walikuwa na kitu ambacho mhakiki wa leo hana. Walikuwa na mkasi. Bodi ya ukaguzi ilipitia picha za kuoneshwa Waafrika kwa kipimo tofauti na za kuoneshwa Wazungu, na iliyopita ilifika uwanjani imekatwakatwa. Mtazamaji wa Luanshya aliyenung'unika juu ya wahakiki alikuwa na haki zote za kunung'unika, maana maoni ya mtu asiyemjua yalimpunguzia picha aliyolipia. Shabiki wa 2016 aliyetia sahihi waraka hakukatiwa hata sekunde moja. Mimi huwa naukumbuka mkasi huo kila ninaposikia mtu akisema wahakiki wana nguvu mno. Nguvu gani?

Na bado makelele ya Jeke hayakuwa ujinga. Uwanja ule ulikuwa unahukumu palepale: nani jasiri, nani mwoga, ngumi ipi imepigwa sawasawa, hila ipi ni ya aibu. Ndiyo kazi ya uhakiki, ila ilifanywa kwa mdomo, kwa pamoja, picha ikiwa bado inaendelea.

Desturi hiyo haikufa. Ilihamia ndani ya banda la video. Tanzania alikuwepo Lufufu, jina la kazi la Derek Gaspar Mukandala, aliyeingiza Kiswahili kwenye picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, akawa maarufu kuliko waigizaji wengi aliowasemea. Kenya yupo DJ Afro. Uganda kuna kina VJ Jingo. Anayewaita hawa wakalimani amewapunja. Wanawapa wahusika majina ya mtaani, wanamcheka adui, wanamwonya stelingi kwamba kuna mtu nyuma ya mlango, wanaeleza nani mjinga kwenye hadithi na kwa nini. Picha ikiwa mbovu wanaifanya ya kuchekesha. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti ambayo isingelipia hata chai ya waigizaji wa Marvel, toleo lililosambaa duniani lilikuwa na sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho: anacheka, anatangaza mapigano, anaipigia debe picha ambayo tayari unaitazama. Hapo mhakiki, shabiki na mfasiri wamekuwa mtu mmoja, na yumo ndani ya picha.

Filamu ya Kenya ya Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuoneshwa kwanza Berlin Februari 2018, imeliona hilo. Jo ni msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, na anachotaka ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mmoja wa wanaomsaidia ni kijana anayewaonesha wanakijiji picha na kuzitangaza. Kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo, kisha kinatengeneza filamu ambamo Jo ndiye stelingi. Kila mtu pale anajua kwamba Jo haruki. Hakuna anayedanganywa, na hakuna anayehitaji mtu wa nje amwambie kama picha ile inafaa.

Rudi sasa kwenye ule ugomvi mkubwa, uone nani anahesabiwa ndani yake. Mapema 2018, kabla ya Black Panther kutoka, kikundi kimoja cha mashabiki wenye chuki na Disney kilipanga kwenye Facebook kuishusha picha hiyo kwa kuipa alama za chini kwa wingi, Facebook ikakifunga. Mwaka uliofuata Captain Marvel ikashambuliwa kabla haijaoneshwa, na Rotten Tomatoes ikaondoa nafasi ya watu kutoa maoni kabla ya siku ya kutoka. Mei 2019 ikaleta utaratibu mpya: alama kuu ya watazamaji itatokana na watu waliothibitishwa kwamba walinunua tiketi, kwa kuanzia wale waliozinunua kupitia Fandango. Kwa kuwazuia wahuni ni dawa nzuri. Lakini tazama imemwacha nani nje. Mvuvi wa Kashikishi aliyeitazama picha kwenye simu ya rafiki yake si mhakiki, na sasa si mtazamaji pia. Ile namba ya pili inayowekwa pembeni ya namba ya wahakiki, ile tunayoambiwa ni sauti ya umma dhidi ya wateule, ni sauti ya wenye tiketi. Wanapogombana mashabiki na wahakiki, pande zote mbili zinakaa katika miji ileile.

Niseme wazi kwamba simtetei mwizi wa kazi za watu. Picha ya kwenye flashi haikulipiwa, na mwenye kazi hakupata hata ngwee. Nazungumzia macho. Macho ya Mweru yaliitazama Black Panther, na yalikuwa na la kusema.

Picha hiyo ilioneshwa Kisumu tarehe 13 Februari 2018, siku tatu kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani, katika mji ambao gavana wake, Anyang' Nyong'o, ni baba yake Lupita, mmoja wa waigizaji wa picha hiyo. Watu walikwenda wamevaa kama wanaokwenda harusini. Wahakiki wa dunia waliipa zaidi ya asilimia 90, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ikatwaa tuzo tatu za Oscar. Kwa mara moja mashabiki na asilimia walikuwa upande mmoja. Kisha, tarehe 26 Februari, Patrick Gathara, mwandishi na mchora katuni wa Kenya, akachapisha katika Washington Post makala iliyoukataa ule ufahari. Hoja yake haikuwa kwamba picha inachosha. Aliuliza: taifa lenye teknolojia kuliko yote duniani limeshindwaje kubuni njia ya kubadilishana madaraka isiyokuwa pigano la kufa au mapinduzi? Kwake yeye, hiyo ni Afrika ileile ya vitabu vya wakoloni, imepakwa rangi mpya. Siku chache kabla, Christopher Lebron alikuwa ameandika katika Boston Review kwamba ni ajabu picha ya ukombozi wa mtu mweusi ikamfanya Mmarekani mweusi, Killmonger, kuwa ndiye adui.

Majibu unaweza kuyakisia, maana ndiyo yanayotolewa siku zote. Ni filamu tu. Tuachieni tufurahi. Mbona picha za Wazungu hamzichambui hivyo? La tatu lina uzito, nalikubali nusu. Watazamaji waliokuwa wamengoja maisha yao yote kumwona mfalme mweusi kwenye kioo kikubwa waliona kama wamenyang'anywa sherehe katikati ya ngoma, tena na mtu wa nyumbani. Lakini anayesema "ni filamu tu" hawezi hapohapo kusema kwamba filamu hiyo imeurudishia weusi heshima yake. Achague moja. Ikiwa picha ni kubwa kiasi cha kubeba heshima ya watu, basi ni kubwa kiasi cha kubeba swali la Gathara.

Hapa ndipo kukosekana kwa sauti ya Mweru kunaniuma. Wakanda inaishi kwa vibranium, madini yaliyoanguka kutoka angani, ambayo dunia nzima inayatamani. Ng'ambo ya ziwa kutoka Nchelenge, karibu na mji wa Kilwa wa Kongo, uko mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, ambao kampuni ya Anvil Mining iliuendesha miaka ya 2000. Shehena ya mgodi huo haikupitia mahali pa siri. Ilipakiwa Kilwa, ikavushwa kwa tishari, ikashushwa Nchelenge, ikapandishwa malori kuelekea kusini. Oktoba 2004, baada ya waasi wachache kuuteka mji wa Kilwa, jeshi la Kongo liliurudisha na kuua raia zaidi ya 70. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba jeshi lilitumia magari ya kampuni. Kampuni ikasema yalichukuliwa kwa amri ya wakuu wa serikali. Wengi walikimbia, baadhi yao kwa kupitia ziwani.

Mtu aliyekuwa kijana Nchelenge wakati ule akikaa mbele ya Black Panther atauliza maswali ambayo hakuna mhakiki wa Marekani aliyeyauliza kwa uzito unaostahili. Nani anayachimba? Mbona wachimbaji hatuwaoni wakifa wala wakilipwa? Yanapotoka nje, yanapita bandari ya nani? Picha inatuonesha mwizi mmoja, Klaue, mtu mbaya mwenye mkono wa chuma, na inatuacha tuamini kwamba madini ya Afrika huondoka kwa wizi wa namna hiyo. Kwenye ufukwe huu yaliondoka mchana, yana karatasi na mihuri. Kwangu huo ni udhaifu mkubwa kuliko ule wa pigano la kurithishana kiti. Wala hauniharibii raha ya picha. T'Challa akiruka juu ya gari Busan naruka naye.

Zambia yenyewe sasa ina mashujaa wake. Malenga Mulendema, mtunzi wa Kizambia, alibuni Supa Team 4, katuni ya wasichana wanne wa sekondari katika Lusaka ya siku zijazo, wanaokusanywa na Mama K, mpelelezi mstaafu, waulinde mji wao. Wazo lake lilichaguliwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town katika shindano lake la 2015; Netflix ilitangaza 2019 kwamba itakuwa katuni yake ya kwanza asilia kutoka Afrika, na ikatoka Julai 2023. Makala zilizoandikwa zilikuwa nyingi, na nyingi zilisema jambo moja: ni ya kwanza, ni yetu, ni fahari. Kweli ni fahari. Lakini msomaji hakuambiwa sana kama vichekesho vinachekesha, kama maadui wanatisha, kama wasichana wanne wanatofautiana kwa zaidi ya rangi ya nguo. Kazi zetu tunazipigia makofi au tunazinyamazia. Kuzihakiki tunaona haya, tukihofia kuonekana wachawi wa maendeleo ya wenzetu, kisha tunashangaa kwamba wanaotupimia ni watu wa mbali.

Hofu hiyo haina msingi. Mulendema alistahili Gathara wake, mtu wa nyumbani anayeijua Lusaka mtaa kwa mtaa, aketi na vipindi vyote na aseme wapi mji ule unapumua na wapi umechorwa tu. Anastahili pia mtu wa mikoani wa kuuliza kwa nini mashujaa wa Zambia huwa wa Lusaka daima. Mtu huyo yupo. Keti kwenye banda lolote la video usiku mmoja utamsikia nyuma yako, akibishana na kioo, akimkosoa stelingi, akitabiri mwisho kabla haujafika. Anachokosa ni ukurasa.

Kwa hiyo ombi langu nawapelekea wahariri wa Lusaka, Lubumbashi, Nairobi na Dar es Salaam. Kurasa zenu za burudani zimejaa habari za nani kaachana na nani huko Los Angeles, zilizonakiliwa bure na kutafsiriwa usiku. Tengeni safu moja kwa wiki. Mtafuteni kijana wa Mansa, wa Nchelenge au wa Pweto anayetazama picha kwa makini, mlipeni kwa aya nane, na mashabiki watakapomjia juu, kama watakavyomjia, chapisheni majibu yao wiki inayofuata kwenye safu hiyohiyo.